Sahani ya Jumapili

 

Najua nimepotea. Mwezi uliopita wote nilikuwa zamu za usiku, na mtu wa zamu za usiku hana tofauti na popo: wenzake wakiamka, yeye ndiyo anatafuta pa kuning'inia. Leo nina mapumziko, mtoto yuko shule, nje inanyesha ile mvua ya Norwich isiyolowesha wala isiyokoma, na chai ya maziwa iko mezani. Acha niandike.

Safari hii siandiki habari za baridi wala bei ya vitu. Naandika historia, na sababu ni Mama. Alinipigia simu siku moja, tukasalimiana, tukaulizana za majirani, halafu akauliza: "Huyo mtoto anasali?" Nikajibu, anasali Mama. Akasema, "Sikuuliza kama anafumba macho." Kabla sijajibu bando likakatika. Kwa upande wangu au wake, mpaka leo hatujakubaliana.

Swali hilo nimetembea nalo. Ukweli mnaujua: Jumapili nyingi niko wodini. Mtoto wangu ana miaka tisa na hajawahi kuishi nyumba moja na bibi wala babu. Mimi nililelewa na Bibi pale Muheza tangu nikiwa na miaka mitatu mpaka nilipokwenda sekondari, na kila nilicho nacho cha dini nilikipata jikoni kwake. Huyu wa kwangu atakipata wapi? Hilo ndilo linaloninyima usingizi, zaidi ya zamu.

Sasa niwape habari ya mtu mmoja wa mji huu, halafu nitarudi kwa Bibi.

Ukifika katikati ya Norwich, mahali panapoitwa Tombland, nje ya lango la Erpingham la kanisa kuu, utaona sanamu ya mwanamke, na chini yake askari anamnyooshea shada. Miaka yangu miwili ya kwanza nilipita pale nikidhani ni mtu wa ukoo wa malkia. Siku moja nikamwuliza nesi mwenzangu, mama wa Kiingereza wa makamo. Alisimama njiani akacheka. "Wewe nesi, hujui huyu?" Nikaona aibu, nikaenda maktaba.

Jina lake Edith Cavell. Alizaliwa tarehe 4 Desemba 1865 katika kijiji cha Swardeston, maili chache kusini mwa Norwich. Baba yake, Frederick Cavell, alikuwa padre wa kijiji hicho kwa zaidi ya miaka 40, padre wa Kianglikana mwenye mke na watoto, kama mapadre wetu wa Muheza. Edith alikuwa mkubwa wa watoto wanne: wasichana watatu na mvulana mmoja. Na sikilizeni hili: wasichana wote watatu walikuja kuwa manesi. Wote. Mimi niliposoma hapo nikaweka kitabu chini. Nyumba gani hiyo inayotoa manesi watatu?

Baba yao alikuwa mkali wa dini. Kila asubuhi familia nzima pamoja na watumishi walikusanyika kwa sala. Jumapili hakuna karata, na vitabu vyote viliwekwa kando isipokuwa Biblia. Hakuwa tajiri. Nyumba mpya ya padre, iliyo jirani na kanisa, aliijenga kwa fedha zake mwenyewe, na baada ya hapo mfuko ulibaki mwepesi.

Mnadhani basi Edith aliyameza mahubiri ya baba yake kama asali? Hata kidogo. Iko barua aliyomwandikia binamu yake akimkaribisha aje kuwatembelea, lakini akamwonya asije mwisho wa juma, kwa sababu mahubiri ya baba ni marefu na yanachosha. Nilicheka peke yangu nikakumbuka benchi la tatu kutoka mbele, mimi nimebanwa kati ya Bibi na nguzo, padre amefika kwenye "neno la mwisho" la nne, nami nahesabu mbayuwayu waliojenga darini. Bibi hakuwa na haja ya kuniangalia. Alikuwa anabana tu nyama ya mkono kwa vidole viwili, macho yakiwa altareni.

Kumbe basi si mahubiri. Ni nini?

Wanaoandika maisha yake wanasimulia jambo moja la Jumapili. Katika nyumba ile chakula kikubwa cha juma kilikuwa kile cha mchana wa Jumapili, nyama ya kuoka na viazi. Lakini kabla familia haijala, sehemu ya chakula ilipakuliwa na kupelekwa kwenye nyumba za maskini wa kijiji, na waliopeleka ni watoto. Walitoka na sahani za moto, wakagonga milango, wakarudi, na ndipo wakakaa mezani. Chakula chao wenyewe kwa wakati huo kilikuwa kimeshapoa.

Hapo ndipo nilipolia, jamani. Nilikuwa maktaba, watu wananitazama.

Wanaomkumbuka Bibi wanajua ninachosema. Kwa wengine nieleze. Nyuma ya nyumba yetu aliishi mzee mmoja, fundi cherehani aliyepofuka. Mkewe alishafariki, watoto wako mbali. Alikuwa Mwislamu, mtu wa swala tano, na Bibi alimwita kaka. Kila Jumapili tukitoka Misa, njaa inauma (maana Bibi alikuwa mtu wa kufunga mpaka apokee Komunyo, na sisi tukafungishwa naye), wali unanukia au bada na samaki, mimi tayari nimenawa mikono. Bibi anapakua bakuli la kwanza, anafunika na sahani, anafunga kwa kitambaa, ananipa. "Mpelekee kaka yangu."

Nilichukia safari ile kuliko adhabu yoyote. Njia ilikuwa na mbigili. Mzee alikuwa anataka mazungumzo: nani alisoma masomo leo, mvua imefika wapi, machungwa ya kwa fulani yameiva? Ilibidi nimnawishe, nimwekee bakuli mikononi, nimwambie samaki yuko upande gani na mwiba uko wapi, nisubiri amalize tonge mbili tatu ndipo niage. Na bakuli halikurudi tupu. Yule mzee asiye na kitu aliweka limau, au kipande cha boga, na siku asipokuwa na chochote aliniagiza nichume majani ya mchaichai mlangoni kwake niweke ndani. Nikifika nyumbani wenzangu wameshakula nusu.

Siku moja nikamwuliza Bibi kwa nini nisile kwanza ndiyo niende. Akasema, "Ukishashiba utasahau njia."

Hakusema zaidi. Hakuweka hapo aya ya Biblia. Mimi nimesoma shahada ya uuguzi, nimefanya mitihani ya Tanzania na ya huku, nimefundishwa kwa miaka jinsi ya kumkabili mgonjwa, lakini namna ya kumwambia mtu asiyeona kilicho kwenye sahani yake nilijifunza kwa yule mzee nikiwa na miaka minane. Huku kwenye hospitali nyingi mgonjwa anayehitaji kusaidiwa kula hupewa trei nyekundu ili ajulikane. Ni utaratibu mzuri. Lakini kuna mahali nilipofanya kazi zamani, sitataja, ambapo trei hizo zilirudi jikoni zikiwa zimejaa kama zilivyokuja, kwa sababu manesi tulikuwa wachache na kila mmoja alidhani mwenzake amelisha. Mimi mwenyewe nimewahi kuwa mmoja wa hao waliodhani. Siku ile nilikwenda nyumbani sikula.

Turudi kwa Edith. Akiwa bado msichana aliona kijiji hakina chumba cha shule ya Jumapili. Akamwandikia askofu wa Norwich kuomba msaada, askofu akasema atachangia ikiwa kijiji nacho kitatafuta fedha. Basi Edith na wa nyumbani kwake wakachora kadi na kuziuza, kadi moja moja, mpaka zikafika kama pauni 300. Chumba kikajengwa karibu na nyumba ya padre.

Mwaka 1890 alikwenda Brussels, Ubelgiji, kulea na kufundisha watoto wa familia moja. Hapo nilimwona ndugu yangu kabisa: msichana aliyekwenda nchi ya watu kufanya kazi katika nyumba za watu. Mwaka 1895 baba yake akaugua, akarudi Swardeston kumwuguza. Ni baada ya kumwuguza baba ndipo alipoamua kuwa nesi, akiwa tayari na miaka 30. Akaanza kwenye hospitali ya homa kule Tooting, London, na mwaka uliofuata akaingia mafunzoni katika London Hospital, chini ya matroni maarufu sana wa enzi hizo, Eva Lückes.

Manesi wenzangu mnaosoma hapa, hili litawafurahisha. Matroni huyo hakumwona kitu. Aliandika kwamba ana uwezo akitaka, ila hajitumi sana na wala hafiki kwa wakati. Naam, Edith Cavell mchelewaji! Miaka baadaye, alipokuwa mkuu wa shule ya manesi, aliweka saa yake mezani wakati wa kifungua kinywa, na nesi aliyechelewa dakika mbili alifanyishwa kazi saa mbili za ziada. Ndivyo tulivyo, kinachotusumbua ndicho tunachowasumbulia wengine.

Mwaka 1897 ulizuka ugonjwa wa homa ya matumbo katika mji wa Maidstone, maji yakiwa yamechafuka. Waliougua walipita 1,700, na 132 walikufa. Edith alikuwa miongoni mwa manesi waliopelekwa kusaidia. Baada ya hapo alifanya kazi kwenye hospitali za maskini za London, na mwaka 1907 akaitwa Brussels na daktari Antoine Depage aongoze shule ya kwanza ya namna yake ya kufundisha manesi nchini humo. Kabla ya hapo uuguzi Ubelgiji ulikuwa zaidi mikononi mwa masista wa kanisa, na wazazi wa tabaka la kati waliona aibu binti yao kufanya kazi hiyo. Naambiwa hata kwetu wako waliowahi kufikiri hivyo. Baba mdogo, sikutaji.

Agosti 1914 alikuwa likizo Norwich kwa mama yake, maana baba alishafariki mwaka 1910. Habari ya vita ilimkuta bustanini kwa mama akipalilia. Angeweza kubaki. Alikuwa na miaka 48, nyumbani kwao, mama mzee anamhitaji, na huko anakokwenda majeshi ya Kijerumani yanaingia. Akafunga mizigo akarudi kazini kwake. Tarehe 20 Agosti Wajerumani wakaingia Brussels.

Mama, hapa naomba unisikilize vizuri, maana wewe ndiye uliyeniambia mwaka 2020, ugonjwa ulipoingia na manesi tunakufa, nirudi nyumbani. Na mimi nilikujibu vibaya. Sikujua jinsi ya kukueleza. Nadhani ilikuwa ile ile: bakuli limeshapakuliwa, ukila kwanza utasahau njia.

Katika hospitali yake aliwaamuru manesi kuuguza majeruhi wote, Wajerumani kwa Wabelgiji. Halafu vuli ya 1914 wakaletwa kwake askari wa Kiingereza waliopotezana na jeshi lao. Ukikamatwa ukimficha askari wa adui, adhabu ilijulikana. Akawaficha. Wakaja wengine. Kulikuwa na mtandao wa watu, akina mhandisi, msanifu majengo, mwalimu, mwana wa ukoo wa makabaila na dada yake, walioandaa hati bandia na viongozi wa njia kuwavusha mpaka Uholanzi, nchi isiyokuwa vitani. Kwa miezi tisa hivi walipita mikononi mwake watu wapatao 200. Utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha kuwa mtandao ule ulipitisha pia habari za kijeshi, kwa hiyo tusimfanye malaika wa kwenye kadi. Alikuwa mtu mzima aliyejua anacheza na nini.

Na alidanganya. Huyu binti wa padre, aliyekatazwa uongo toka utoto, aliwatazama wapekuzi usoni akawaambia hakuna mtu. Nimelifikiria sana jambo hilo. Alipokamatwa tarehe 5 Agosti 1915 na kuhojiwa, alikiri, na mahakamani alikiri tena waziwazi, hata jambo ambalo lilimmaliza: kwamba baadhi ya askari walimwandikia kutoka Uingereza kumshukuru kuwa wamefika salama. Kama angenyamaza, huenda wangekosa ushahidi wa kutosha. Ninavyomwelewa mimi, alidanganya maadamu uongo ulifunika wenzake, na ulipobaki wa kumfunika yeye tu akaukataa. Wasomi wa dini watanisahihisha. Padre wetu, karibu.

Alikaa gerezani Saint-Gilles wiki kumi. Kesi ilikuwa tarehe 7 na 8 Oktoba, washtakiwa 35, na tarehe 11 akaambiwa atapigwa risasi kesho yake asubuhi.

Sasa hapa ndipo Mama anaponishinda, na ni lazima nikubali. Mimi nilianza kuandika nikiwa na hoja yangu moja: mahubiri hayafiki, sahani inafika, kwa hiyo mtoto wangu asiponda kanisani kila Jumapili si neno, mradi aone matendo. Hoja nzuri, inanifaa sana mtu wa zamu. Lakini tazameni alichofanya Edith ndani ya chumba kile, ambamo hakuna wa kumpelekea sahani na mikono haina kazi. Alikuwa na kitabu cha kale cha Thomas à Kempis cha kumfuata Kristo, akawa anakisoma na kuweka alama pembeni mwa mistari. Jioni ya mwisho, mchungaji wa Kilutheri wa jeshi la Wajerumani, Paul Le Seur, aliyejua kuwa Mwingereza huyu angependa mtu wa kanisa lake, akamtafutia padre wa Kianglikana aliyebaki Brussels, Stirling Gahan. Akampa Komunyo pale pale chumbani. Halafu padre akaanza taratibu maneno ya ule wimbo wa jioni wa Henry Francis Lyte wa mwaka 1847, ambao sisi tunauimba kwa jina la Kaa Nami, na Edith akaungana naye. Hakuwa na haja ya kitabu. Ulikuwa umekaa kifuani toka Swardeston, toka jioni zile za kuchosha.

Kwa hiyo maneno nayo yalikuwa yamefika. Yalikaa tu miaka hamsini yakisubiri kazi.

Bibi alijua hili. Ndiyo maana alitukaririsha. Alikuwa akiosha vyombo huku anatuongoza Sala ya Bwana na Nasadiki, ukikosea unarudia toka mwanzo, na sufuria haliingii kabatini mpaka umefika amina. Mwaka 2020 alipofariki, ndege zimesimama, sikuweza kuja. Mnakumbuka binamu alishika simu juu ya kaburi, picha inakatika, sauti inakuja kidogo kidogo. Mlipoanza kuimba picha ikaganda kabisa. Nilibaki jikoni kwangu Norwich nikamalizia wimbo peke yangu, beti zote, na sikuwa nimeuimba kwa zaidi ya miaka kumi. Sikujua kama ninazo.

Gahan ndiye aliyetuletea maneno ya Edith ya jioni ile. Alisema anamshukuru Mungu kwa wiki kumi za utulivu kabla ya mwisho, maana maisha yake yote yalikuwa ya haraka. (Ni nesi tu anayeweza kuona jela ni likizo.) Akasema ameona kwamba uzalendo peke yake hautoshi, na kwamba hapaswi kuwa na chuki wala uchungu kwa mtu yeyote. Siku moja kabla alikuwa amewaandikia manesi wake barua, akiomba msamaha kama kuna aliyemwonea, na kwamba aliwapenda kuliko walivyodhani. Alfajiri ya tarehe 12 Oktoba 1915 akapigwa risasi, pamoja na Philippe Baucq, yule msanifu majengo.

Na walio hai walifanya nini na maneno yake? Uingereza ikachapa mabango yenye sura yake kuwachochea vijana wajiunge na jeshi wakalipize kisasi. Sanamu yake kubwa ya London ilipozinduliwa mwaka 1920, maneno ya kutokuwa na chuki hayakuwepo. Yaliongezwa mwaka 1924, baada ya wanawake kuyadai. Mama yake alikufa mwaka 1918, hakuuona mwili wa binti yake ukirudi. Ulirudi Mei 1919, ukasomewa ibada Westminster Abbey, halafu ukaletwa kwa treni Norwich na kuzikwa nje ya kanisa kuu, mahali panapoitwa Life's Green.

Kuhusu chuki, niseme ukweli wa Bibi pia, maana marehemu wetu tukimaliza kuwazika tunawapaka chokaa. Bibi aliyempelekea chakula fundi kipofu kila Jumapili ndiye yule yule aliyekaa miaka kumi na moja bila kumsalimu jirani mmoja kwa sababu ya mpaka wa shamba, minazi miwili. Walipiga magoti altare moja. Nikiwa mtoto nilimwona akipokea Komunyo huku amempa yule mama mgongo. Kwa hiyo si kila kitu kilichokuwa katika imani yake nilikirithi kikiwa kizima. Hiyo minazi nayo nimeirithi. Nina mtu mmoja hapa kazini simsalimu mwaka wa pili.

Jambo jingine la ajabu nimeligundua. Imani ya Bibi na ya Edith zimetoka shina moja. Wamishonari wa UMCA waliokuja Magila kutokea Unguja katika karne ya 19 walikuwa chama kilichoanzishwa baada ya hotuba ya Livingstone pale Cambridge, Desemba 1857. Cambridge ni saa moja na kitu kwa treni kutoka hapa nilipokaa. Sala alizonikaririsha Bibi kwa Kiswahili, Edith alikaririshwa kwa Kiingereza. Mimi nimezibeba kutoka Muheza nikazirudisha karibu na zilikotoka, na nimekuta makanisa mengi yana watu kumi na wawili, wote wazee, na mimi.

Basi Jumamosi iliyopita nilimchukua mtoto. Tulianza Swardeston, nesi mwenzangu yule aliyenicheka ndiye aliyetupeleka kwa gari. Kanisa dogo la mawe, limemwekwa wakfu Bikira Maria, makaburi yamelizunguka, kijani kila mahali. Ndani kuna dirisha la vioo la kumkumbuka. Mtoto akauliza nyumba za maskini zilikuwa wapi. Sikujua, tukazunguka tukachagua wenyewe: pengine ile, pengine ile ng'ambo. Akahesabu hatua kutoka nyumba ya padre. Akasema ni mbali, chakula kingepoa.

Halafu Life's Green. Akasoma jiwe taratibu. Akaniuliza kama aliogopa. Nikamwambia alimwambia padre kwamba haogopi, kwa kuwa ameona kifo mara nyingi mno hata hakimshangazi. Akafikiri. Akasema yeye angeogopa. Nikamwambia na mimi.

Jioni nilipika pilau. Nilipakua sahani nikaifunika, nikampa ampelekee bibi wa nyumba ya tatu, mjane, anayeishi na paka. Akalalamika mno kuwa ana njaa na katuni inaanza. Nikasimama mlangoni nikamwangalia anavyokwenda anaburuta miguu. Alikaa kule dakika ishirini. Sahani ilirudi kesho yake, imeoshwa, tupu, na kadi ya asante yenye picha ya maua. Mtoto akaigeuza akaniuliza, mbona hajaweka kitu ndani? Maana nilishamsimulia habari ya mchaichai. Nikamwambia huku hawana desturi hiyo. Akasema labda hajaambiwa.

Mama, usiku anasali Baba Yetu. Kwenye "mapenzi yako" husinzia, namwamsha, anaanza upya. Jumapili ijayo sina zamu, tutakwenda wote wawili, saa nne kwa saa za huku. Bando nimeshakuwekea, nipigie baada ya hapo umwulize mwenyewe.

Wasalimieni wote, na kaburi la Bibi lipalilieni kabla ya mvua za masika. Fedha nimemtumia mjomba.